Vita Visivyopiganwa: Jinsi Picha za Gemu Zilivyoingia Kwenye Taarifa ya Habari

Usiku wa Jumatatu, tarehe 26 Septemba 2011, kituo cha televisheni cha ITV cha Uingereza, ambacho hakina undugu na ITV yetu ya Dar es Salaam, kilirusha makala ya uchunguzi kuhusu silaha ambazo Muammar Gaddafi wa Libya aliwapelekea wapiganaji wa IRA wa Ireland Kaskazini. Katikati ya makala kilipita kipande kifupi kilichotambulishwa kuwa ni filamu ya IRA ya mwaka 1988: helikopta inashambuliwa kwa risasi kutoka ardhini hadi inaanguka. Kipande kile kilitoka kwenye Arma 2, gemu ya kompyuta iliyotengenezwa na kampuni ya Bohemia Interactive ya Jamhuri ya Czech na kuanza kuuzwa mwaka 2009. Helikopta ilikuwa ya gemu, na wapiganaji na risasi zao pia.

Walioitengeneza makala ile hawakuwa wanagenzi, na silaha za Gaddafi zilifika Ireland kweli. Mkasa wenyewe ulikuwa wa kweli, na kilichokuwa cha uongo ni picha tu. Nadhani hapo ndipo pa kuanzia mtu anayetaka kuelewa historia hii, kwa sababu tangu mwanzo hadi leo picha za gemu zimeingia kwenye habari kupitia mlango mmoja. Tukio limetokea, watu wanataka kuliona, na picha yake haipo. Wakazi wa Gendabi, chini ya Mlima Hanang mkoani Manyara, wanaujua wakati wa namna hiyo. Nitafika kwao, lakini kwanza turudi nyuma miaka ishirini kabla ya makala ile ya Uingereza.

1991: Vita vinafanana na gemu

Vita vya Ghuba vilipoanza Januari 1991, Watanzania wa bara walivifuata kwa masikio. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu miaka ya 1970, lakini bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994. Habari za Baghdad zilikuja kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam na Idhaa ya Kiswahili ya BBC, na msikilizaji alijichorea picha mwenyewe kichwani.

Waliokuwa na televisheni walioneshwa vita kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana. Kamera zilifungwa kwenye ndege na kwenye mabomu yenyewe. Jenerali Norman Schwarzkopf wa Marekani aliwaonesha waandishi mkanda wa daraja lililolengwa, gari dogo likivuka katikati ya alama ya shabaha, kisha bomu likitua sekunde chache baada ya gari kupita. Picha ilikuwa ya rangi moja, haina sauti, na binadamu hakuonekana humo. Waandishi wengi wa Magharibi walivifananisha vita vile na gemu za Nintendo.

Mfanano huo uliacha alama. Tangu hapo macho ya watazamaji yalizoea kwamba picha halali ya vita huwa na ukungu, hutikisika, hupigwa kutoka mbali, mara nyingi usiku, na haina mtu anayeonekana uso. Sifa hizo zote ni rahisi kuigiza kwenye kompyuta. Kabla gemu hazijajifunza kufanana na vita, vita vilikuwa vimeshaoneshwa kwa sura ya gemu.

2006: Wataalamu wanadanganyika

Mwezi Mei 2006, Kamati ya Ujasusi ya Baraza la Wawakilishi la Marekani ilioneshwa video. Wataalamu wa kampuni ya SAIC, waliokuwa na mkataba na Wizara ya Ulinzi, waliileta kama mfano wa jinsi wapiganaji wa jihadi wanavyotumia gemu kuwavuta vijana. Shirika la habari la Reuters likaripoti, na vyombo vingine vikaipokea habari hiyo.

Haukupita muda, wachezaji wa gemu wakaitambua. Ilikuwa Battlefield 2, gemu inayouzwa madukani, na mchezo uliooneshwa ulitumia nyongeza halali ya watengenezaji wa gemu hiyo inayomruhusu mchezaji kuwa upande wa Waarabu. Aliyeiunganisha video hiyo alikuwa shabiki mmoja wa Uholanzi, kwa kujifurahisha. Hata sauti ya yule aliyedhaniwa kuwa mpiganaji ilikatwa kutoka kwenye filamu ya vichekesho ya Marekani ya mwaka 2004 inayoitwa Team America.

Mambo mawili yaliyojitokeza hapo yatajirudia mpaka mwisho wa historia hii. La kwanza ni kwamba cheo cha aliyeileta picha kiliizuia isiulizwe maswali. Mwandishi alipoambiwa na wataalamu wa Wizara ya Ulinzi, aliona kazi ya kuhakiki imekwisha kufanywa na wengine. La pili ni kwamba waliogundua ukweli walikuwa vijana wa kawaida wenye ujuzi ambao hakuna chumba cha habari kilichofikiria kuuomba.

2011 hadi 2013: Picha ya haraka kutoka mtandaoni

Makala ya ITV ilifuata miaka mitano baadaye. Safari hii pia wachezaji ndio waliopiga kelele. Kituo kiliomba radhi, kikasema ni makosa ya kibinadamu, na kikaiondoa makala kwenye tovuti yake. Januari 2012, mamlaka ya utangazaji ya Uingereza, Ofcom, iliamua kwamba kanuni inayokataza vipindi vya mambo halisi kuwapotosha watazamaji ilikuwa imevunjwa.

Mei 2012 ikawa zamu ya BBC. Katika taarifa ya mchana iliyolihusu Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, nyuma ya mtangazaji iliwekwa nembo ya UNSC. Ni herufi zilezile ambazo mtu angetarajia, ila zilitoka kwenye gemu ya Halo, ambako zinamaanisha jeshi la kubuni la anga za juu. Mapema mwaka 2013, kituo cha TV2 cha Denmark kilizungumzia vita vya Syria huku nyuma ya mtangazaji ikionekana mandhari ya jiji la Damascus. Mandhari ile ilichorwa kwa ajili ya gemu ya Assassin's Creed, ambayo hadithi yake inatokea mwaka 1191, wakati wa vita vya msalaba.

Makosa haya matatu hayakutokea karibukaribu kwa bahati mbaya. Katika miaka hiyo vyumba vya habari vilikuwa vinapunguza wafanyakazi huku vikiongeza saa za kurusha matangazo. Mkutubi wa picha, yule aliyekuwa anajua kila mkanda ulipigwa na nani na lini, aliondolewa, na mahali pake pakakaa kisanduku cha kutafutia cha intaneti. Mhariri aliyebakiwa na dakika kumi kabla ya kwenda hewani aliandika neno moja, akachukua picha ya kwanza iliyofaa. Kompyuta ilimletea picha inayofanana na alichoomba, na hakuna aliyeiuliza imetoka wapi.

2017 na 2018: Serikali zinaingia

Hadi hapo ilikuwa ni uzembe. Tarehe 14 Novemba 2017, Wizara ya Ulinzi ya Urusi iliweka mtandaoni picha ilizoziita ushahidi usiopingika kwamba Marekani inawalinda wapiganaji wa Dola la Kiislamu nchini Syria. Moja ya picha hizo ilikatwa kutoka kwenye tangazo la gemu ya simu inayomwezesha mchezaji kupiga shabaha kutoka kwenye ndege ya AC-130. Nyingine zilitoka kwenye video za zamani za jeshi la anga la Iraq. Wizara iliziondoa, na lawama ikatupiwa mtumishi mmoja wa kiraia.

Miezi mitatu baadaye, Februari 2018, Channel One ya Urusi ilirusha makala ya kumwenzi rubani Roman Filipov, aliyeuawa Syria mwanzoni mwa mwezi huohuo. Ndani ya makala hiyo mlikuwa na kipande kifupi cha Arma 3, toleo jipya la gemu ileile iliyoiaibisha ITV. Kifo cha rubani kilikuwa cha kweli, na familia yake ilikuwa inaomboleza. Gemu iliwekwa pale kuziba nafasi ya picha ambayo haikuwapo, kama ilivyokuwa Uingereza.

2020: Kosa la aina hiyo nyumbani

Tanzania haikuhitaji gemu kuujua mtego huu. Aprili 2020, wakati korona imeanza kuenea, ukurasa wa mtandaoni wa gazeti la Mwananchi ulichapisha picha ya Rais John Magufuli akinunua samaki huku watu wamemzunguka. Kila Mtanzania alikuwa anaambiwa akae mbali na mwenzake, kwa hiyo picha ile ilisema mengi. Ilikuwa picha halisi ya rais halisi, lakini ilipigwa zamani, kabla ya ugonjwa. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ililifungia gazeti hilo leseni ya mtandaoni kwa miezi sita na kulitoza faini ya shilingi milioni 5.

Picha ya zamani na picha ya gemu ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili hupita kwa sababu mhariri ametazama kilichomo ndani ya picha bila kuuliza ilizaliwaje. Lakini matokeo yake huko na huku hayakufanana. Ofcom ilitamka kosa hadharani, ikaeleza lilivyotokea, na makala za uchunguzi zikaendelea. Leseni kufungwa nusu mwaka kunafundisha somo jingine: mhariri hujifunza kunyamaza kabla hajajifunza kuhakiki. Naamini adhabu ya namna hiyo huukuza ukimya uleule ambao picha za uongo zinaishi humo.

Novemba mwaka huohuo, vita vilizuka Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, na mawasiliano ya eneo zima yakakatwa. Simu zilinyamaza na waandishi hawakuruhusiwa kuingia. Mitandaoni zikajaa picha za vita vya nchi nyingine na picha zilizohaririwa za makombora, na wahakiki walioko Nairobi walilazimika kuzichambua moja baada ya nyingine. Wakati huohuo raia wa Tigray waliokuwa wanauawa hawakuwa na njia ya kutuma picha yao.

2021 na 2022: Kutoka Panjshir hadi Kyiv

Septemba 2021, Taliban walikuwa wanalizingira bonde la Panjshir, ngome ya mwisho iliyowapinga nchini Afghanistan. Habari zilitoka kwa shida. Vituo vikubwa vya India, vikiwemo Republic TV na Times Now Navbharat, vilirusha video ya ndege ikishambulia na kutangaza kwamba ni jeshi la anga la Pakistan linalowasaidia Taliban. Ilikuwa Arma 3. Hapo uzembe uliungana na hamu: uhasama wa India na Pakistan ni wa miaka mingi, na video ile ilithibitisha kile ambacho wengi walikuwa tayari kukiamini.

Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, hamu ilikuwa kubwa kuliko ushahidi kwa mara nyingine. Dunia ilitaka shujaa, na akapatikana rubani asiyejulikana aliyeitwa Mzuka wa Kyiv. Video iliyosambaa sana ya ndege yake ikitungua ndege ya adui ilitengenezwa kwa Digital Combat Simulator, gemu ya urubani. Aliyeitengeneza alieleza wazi kwamba ni gemu, lakini maelezo yake hayakusafiri pamoja na video. Mwishoni mwa Aprili, jeshi la anga la Ukraine lenyewe lilisema rubani huyo ni ngano iliyobeba sifa za marubani wengi. Huko Romania, vituo vya televisheni viliirusha Arma 3 kama mapigano ya Ukraine, na mara moja waziri wa zamani wa ulinzi alialikwa studioni kuichambua.

Novemba 2022, Bohemia Interactive iliamua kusema. Gemu yao ina nyongeza zaidi ya 20,000 zilizotengenezwa na wachezaji, kwa hiyo mtu anaweza kuigiza karibu vita vyovyote, kwa sare na silaha za nchi yoyote. Kampuni ilijaribu kuomba mitandao iziondoe video hizo, ikaona kila moja ikitolewa zinapandishwa nyingine kumi. Ndipo ikaamua kushirikiana na wahakiki na kufundisha umma dalili za kutazama. Video za namna hiyo huwa na ubora duni kupita kawaida, ingawa simu za siku hizi zinapiga picha safi. Kamera hutikisika kwa makusudi. Mara nyingi ni usiku, na sauti imeondolewa. Watu ni wachache au hawapo, kwa sababu mwendo wa binadamu ndio mgumu zaidi kuuigiza. Moshi na vumbi husambaa kwa namna isiyo ya kawaida, na wakati mwingine pembeni mwa kioo hubaki maandishi ya gemu yenyewe.

Kijana yeyote aliyekulia kwenye vibanda vya gemu vya Babati au Arusha, akilipa kwa kila mchezo, angeziona dalili hizo haraka kuliko mhariri mwenye umri wa baba yake.

Desemba 2023: Mlima unaporomoka Hanang

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe makubwa na miti iliyong'oka mizizi vilishuka kwa kasi hadi kwenye makazi ya watu. Sehemu za mji wa Katesh zilifunikwa, pamoja na vijiji vya jirani, Gendabi kikiwemo. Wengi walikuwa bado wamelala. Hesabu ya waliofariki ilipanda siku baada ya siku, kutoka makumi machache jioni ya kwanza hadi 89. Rais Samia Suluhu Hassan alikatisha safari yake ya Dubai, alikokuwa kwenye mkutano wa mabadiliko ya tabianchi.

Saa za kwanza hazikuwa na picha ya kilichotokea juu. Picha zote zilionesha chini: nyumba zilizozama hadi madirishani, magari yaliyobiringishwa, watu wakichimba kwa mikono. Hakuna kamera iliyouona mlima ukimeguka. Ndipo likazuka jibu lililoonekana la akili kabisa: volkano imelipuka. Hanang ni mlima wa volkano kweli, tena mrefu kuliko milima mingi nchini, ukiwa na zaidi ya mita 3,400, na kaskazini yake upo Oldoinyo Lengai ambao hulipuka hadi leo. Aliyeamini hakuwa mjinga.

Jibu sahihi lilitoka kwa wataalamu wa miamba waliokwenda kwenye eneo. Msemaji Mkuu wa Serikali, Mobhare Matinyi, alitangaza kwamba hapakuwa na volkano wala tetemeko: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua hadi ikashindwa kujishikilia, ikakatika. Mwenyeji wa Gendabi aliyejitahidi kutoka ndani ya tope alikuwa na ushahidi uleule. Alisikia mngurumo, akaona tope na maji baridi, hakuona moto.

Naiweka Hanang katika historia hii kwa sababu inaonesha mlango uko wapi. Mtu angetaka kuuza uongo asubuhi ile, angehitaji tu kipande cha gemu au filamu kinachoonesha mlima ukilipuka. Walengwa wake wangekuwa ndugu wa Dar es Salaam na Mwanza waliokuwa wanapiga simu nyumbani bila kupokelewa. Mtu aliye katika hali hiyo huamini chochote kinachojaza kimya. Naye aliyepotelewa na watoto chini ya tope la kweli angelipwa kwa picha ya moto usiokuwapo, kisha, uongo ukifichuliwa, msiba wake wenyewe ungetiliwa shaka.

2023 hadi 2025: Kuanza kujibu

Oktoba 2023, vita vya Gaza vilipoanza, Arma 3 ilirudi tena, safari hii ikidaiwa ni Hamas wakitungua helikopta za Israel. Mei 2025, India na Pakistan zilipopigana kwa siku chache, ikarudi pande zote mbili. Sasa imepata mwenzake mwenye nguvu zaidi, akili mnemba, ambayo haihitaji hata mchezaji: mtu anaandika sentensi, kompyuta inamtolea video.

Waliojipanga kujibu wako pia kwetu. PesaCheck, iliyoanza mwaka 2016, huchapisha uhakiki kwa Kiswahili. Africa Check ina ofisi Nairobi. Tanzania ina Nukta Fakti na JamiiCheck. Kazi yao haina miujiza: wanatafuta picha hiyo ilionekana wapi kwa mara ya kwanza, wanalinganisha milima, minara na kona za barabara na ramani, wanaangalia hali ya hewa ya siku hiyo, kisha wanampigia simu mtu aliye pale.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayokatika kirahisi. Siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa Tanzania kwa siku kadhaa. Iliporudi, picha zilimiminika kwa wingi, na ikawa kazi ngumu kwa wananchi kujua ipi ni ya kweli na ipi si ya kweli, huku wachunguzi wakizipima mtaa kwa mtaa. Tigray ilikuwa hivyo, na Panjshir pia. Kila mahali mawasiliano yanapokatwa, uongo hupata nafasi na ukweli hushukiwa.

Kwa hiyo sidhani tiba yake ni programu ya kutambua picha za gemu, ingawa programu hizo zina faida. Dalili za mwaka 2022 zitapitwa na wakati. Maandishi ya pembeni yatafutwa, na watu wa kwenye kompyuta watatembea kama sisi. Kitakachobaki na thamani ni mwandishi anayelipwa vizuri kukaa wilayani, redio ndogo inayosikika Katesh na Mbulu, mtandao wa simu usiozimwa, na mhariri wa Dar es Salaam ambaye ana namba ya mtendaji wa kijiji na ya mwalimu wa shule ya msingi Gendabi, na anaipiga kabla hajafungua mtandao kutafuta picha. Simu ile ikikosa majibu, basi atangaze habari bila picha, na aseme kwa nini haipo.